Miezi ya Kanga Kuukuu

Kifurushi kilikuja kwa basi la Pangani mwishoni mwa Juni, kimefungwa kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Kondakta alinikabidhi pale stendi ya Tanga akaniambia, "Mama yako kasema usikifungue njiani." Nikakipakata hadi nyumbani. Ndani mlikuwa na kanga tisa, na hapakuwa na hata moja mpya. Nyekundu ilikuwa imefifia ikawa waridi, nyeusi imekuwa rangi ya majivu, na pindo zilikuwa zimeshonwa upya kwa mkono pale zilipochanika. Zilinukia sabuni ya mche na sanduku la mbao. Nilikuwa na ujauzito wa wiki 17, na mama alikuwa mtu wa pili kuambiwa baada ya mume wangu.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kimefika?"

"Kimefika."

"Haya. Ziweke mahali pakavu."

Hakusema za nini, nami sikuuliza. Kwetu mtoto aliye tumboni hatajwi sana, wala haandaliwi hadharani. Nguo ndogo hazitundikwi kambani kabla ya mwenyewe kufika. Wazee wanaogopa husda, wanaogopa jicho, na zaidi ya hayo wanaogopa kumtangulia Mungu katika jambo ambalo bado liko mikononi mwake. Nilipokuwa msichana niliuona huo kuwa ushirikina. Siku ile, nimekaa mkekani na kanga tisa mapajani, niliiona adabu, na nikaanza kuelewa kwamba ndani ya adabu hiyo wanawake walikwisha kupata njia ya kujiandaa bila kutamka kwamba wanajiandaa. Kanga kuukuu ikikaa kabatini haisemi lolote. Mtoto akija, itakuwa nepi, itakuwa shuka, itakuwa mbeleko. Asipokuja, Mungu apishe mbali, ni kanga tu: itajifungwa jikoni, itafunika ungo wa mchele. Haimdai mtu furaha, wala haimkumbushi msiba.

Uzito wa kitu kinachokumbusha ninaujua. Mwaka juzi nilishika mimba, na katika wiki ya 9 nikaenda sokoni Ngamiani peke yangu, nikanunua kofia ya kufuma, ya njano, ndogo kiasi cha kuenea kwenye ngumi yangu. Wiki ya 11 mimba ikaharibika. Kofia ikabaki ndani ya boksi la viatu juu ya kabati, na kila nilipopanga chumba nilipanga kila mahali isipokuwa pale. Watu walinipa pole kisha wakanyamaza, kwa sababu msiba wa aina hii hauna matanga wala arobaini. Miezi kadhaa baadaye nesi mmoja alinieleza kwamba katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 13, na kwamba mara nyingi chanzo ni hitilafu ya kromosomu iliyokuwapo tangu mimba inatungwa. Si ndoo ya maji uliyobeba. Si safari uliyosafiri. Hesabu haimfuti mtu machozi, lakini ile ilinifutia kesi niliyokuwa nimejifungulia mwenyewe, ambamo nilikuwa mshitakiwa, shahidi na hakimu.

Kwa hiyo mimba hii niliianza kama mtu anayevuka mto usiku kwa miguu, kila hatua anapapasa kwanza. Sikununua kitu. Sikuchagua jina. Niliishi siku moja, nikaomba ya pili.

Kisha Juni ikaingia na kipupwe chake. Upepo wa kusi ukapoa, kichefuchefu kikaniaga, nikaamka asubuhi moja nina njaa ya kweli. Machungwa ya Muheza yalikuwa yamejaa barabarani, marundo kwa marundo, nami nikala kama mtu aliyetoka safari. Watu huisifu miezi hii ya kati, wa nne hadi wa sita, kwamba ni miezi ya kupumua: homa za mwanzo zimepita, uzito wa mwisho haujafika. Ni kweli, mwili hupumua. Ila kwa mtu aliyewahi kupoteza, moyo haupumui kwa mkupuo mmoja na mwili. Mwanzoni nilikuwa na hofu kwa sababu sikuwa na kitu mkononi. Sasa nilikuwa na hofu kwa sababu nilikuwa nacho.

Kliniki tunakaa kwenye benchi refu, kila mmoja na kadi yake. Mara ya kwanza nesi alipotokeza mlangoni akaita, "Mama, njoo," sikuinuka. Nilidhani anaitwa mwingine. Pale kila mjamzito ni mama, hata ambaye hajawahi kumshika mtoto wake, hata ambaye jina hilo limewahi kumponyoka. Nilipoelewa kwamba ananiita mimi, nilisimama nikiwa na aibu, kama niliyepewa cheo nisichokisomea. Kufikia Agosti nilikuwa naitika.

Nesi hupima uzito, presha, mkojo na wingi wa damu. Kisha hunilaza, akashika kamba ya kupimia, akapima kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Wiki ya 20 kilele kilikuwa kimefika kwenye kitovu changu, na akaniambia kwamba kuanzia hapo sentimita zitakwenda karibu sawa na wiki. Alinipa vidonge vitatu vya SP nivimeze mbele yake, kwa sababu vijidudu vya malaria huweza kujificha kwenye kondo la nyuma hata mama asipokuwa na homa, vikamnyima mtoto chakula chake. Akanipa fefo, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki, akanionya nisivinywe na chai maana chai huzuia madini ya chuma yasinyonywe vizuri mwilini. "Kula chungwa," akasema. Nikamwambia kwamba hilo halinipi tabu.

Halafu akachukua pembe. Ni kitu kidogo, kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili, mfano wa baragumu la mtoto. Daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, ndiye aliyekibuni mwaka 1895, na umbo lake halijabadilika sana, kwa kuwa hakina umeme wa kukatika wala betri ya kuisha. Nesi aliweka upande mpana tumboni kwangu na sikio lake upande wa pili, akaachia mkono, akatazama saa yake. Chumba kizima kikatulia. Nje kulikuwa na kelele za bodaboda na za mtoto anayelia chanjo, lakini uso wa yule mwanamke ulikuwa umekwenda mahali pengine. Baada ya dakika moja akainuka. "Mia na arobaini na nne," akasema. "Mzima." Mtoto hupiga kati ya 110 na 160 kwa dakika, moyo wa mbio.

Mimi sikusikia kitu. Pembe ile humsikizisha mkunga, haimsikizishi mama. Nilirudi nyumbani nikiwaza jambo hilo njia nzima. Nilikuwa nimedhani kwamba abebaye ndiye ajuaye, kwamba hakuna awezaye kumjua kiumbe huyu kabla yangu au kuliko mimi. Kumbe moyo wake ulikuwa umesikiwa kwanza na mwanamke ambaye jina lake silijui, na mimi niliupokea kwa maneno, kama mtu anayesomewa barua. Hata picha ya utrasaundi ni hivyo hivyo: mtu mwingine anatazama, anakuelekeza kidole, "hapa mgongo, hapa mguu." Teknolojia hiyo daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliitangaza mwaka 1958, wakiwa wameazima mtambo wa viwandani wa kutafutia nyufa ndani ya vyuma. Nami nililala pale nikimtazama mtaalamu anatafuta ufa ndani yangu, nikiomba asiupate. Hakuupata.

Sehemu yangu ilikuja jioni moja, nikiwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Nilihisi kitu chini ya kitovu, kama kidole kinachogonga beseni lenye maji kutoka upande wa chini. Nikaacha kukuna. Kikarudi, mara mbili, kisha kikatulia. Nilibaki na kifuu mkononi, sikumwita mtu. Usiku nilipomwambia mume wangu aliweka kiganja akangoja, asipate kitu, maana wakati ule mchezo bado ulikuwa wa ndani, wa mimi na yeye tu. Aliendelea kungoja kila usiku, bila kulalamika, mpaka wiki ya 23 alipopigwa teke la kwanza. Aliuondoa mkono haraka kama aliyeungua, kisha akaurudisha polepole.

Mtoto wa wiki 20 ana uzito wa gramu kama 300, machungwa mawili ya Muheza. Alama za vidole vyake zimekwisha kuchorwa. Mwili wake umefunikwa malaika, vile vinyweleo laini ambavyo Kiswahili kimevipa jina moja na wajumbe wa mbinguni. Wiki chache baadaye ataanza kusikia: moyo wangu, adhana ya alfajiri, mchi ukitwanga kwa jirani. Nilipoyajua hayo nilianza kusema naye, si kwa maneno makubwa. Nilimwambia ninachopika. Nilimwambia nani amepita. Sikumuahidi kitu na sikumuomba ahadi, kwa kuwa huenda hiyo nayo ni namna ya adabu, kukaa na mtu pale alipo bila kumdai kesho yake.

Lugha yetu ina adabu hiyo hiyo. Mjamzito ni mja mzito, na mja ni kiumbe mbele ya Muumba wake. Neno halikuanza na tumbo, lilianza na unyenyekevu. Na siku ikifika hatusemi tu kwamba mwanamke amezaa, tunasema amejifungua, kana kwamba muda wote alikuwa amefungwa kwa fundo moja na mtu mwingine, na hakuna mwenye uwezo wa kulifungua isipokuwa yeye. Nikalikumbuka fundo la mama, lile la kamba ya katani, na agizo lake kwamba kisifunguliwe njiani.

Siku za Julai nilizifungua kanga zote nikazitandika kitandani, nikazisoma moja moja. Kanga huwa na jina, msemo ulioandikwa chini, na mwanamke huichagua kwa jina lake kama si kwa rangi yake. Nane nilizisoma. Ya tisa, ile iliyochakaa kuliko zote, haikusomeka. Zilibaki herufi tatu na kivuli cha ya nne. Nikampigia mama kumuuliza ilisemaje.

"Sikumbuki, mwanangu. Mimi mwenyewe niliipokea kwa bibi yako imeshaanza kufutika. Wewe ulilazwa juu ya hiyo."

Nilikaa nayo muda mrefu. Kuna jambo nililowahi kulisoma katika elimu ya viumbe, likanipita wakati ule kama somo la kufanyia mtihani, sasa likanirudia. Mayai yote ya mwanamke hutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mtoto wa kike wa wiki 20 huwa na mayai machanga milioni 6 hadi 7. Baada ya hapo yanapungua, na huzaliwa na milioni 1 au 2. Maana yake, yai lililomfanya huyu anayecheza sasa halikutengenezwa mwaka huu. Lilitengenezwa Pangani, mama akiwa na miezi ya kati kama hii, akiteremka mtoni, akipanda ngazi za nyumba yake. Na yai lililonifanya mimi lilitengenezwa ndani ya bibi yangu. Mama alimbeba mjukuu wake kabla hajaniona mimi uso.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na ni kweli kwamba macho hupenda kipya. Lakini tazama namna mtu anavyopokelewa duniani. Anatengenezwa kwa yai lililongoja miaka mingi. Analishwa kwa chakula kilichopita kwanza katika damu ya mwingine. Anapewa lugha ambayo vinywa vingi vimeitafuna hadi ikalainika. Yeye ni mpya, lakini hakuna kinachompokea ambacho ni kipya. Kila kinachomgusa kimekwisha kumgusa mtu mwingine, na ndiyo maana hakimuumizi.

Kanga yenyewe inafundisha hivyo. Ikitoka dukani imepakwa wanga, imekakamaa, inang'aa. Ukiitumia kumfuta mtoto, maji yanateleza juu yake na pindo linakwaruza. Inafuliwa kwa maji ya chumvi ili rangi ishike, inafuliwa tena na tena, inajifungwa sokoni, msibani, harusini, shambani, na ni baada ya miaka ndipo pamba inaachia ugumu wake na kujifunza kunywa maji. Ulaini huo hauuzwi. Tajiri hana njia ya kuununua kwa siku moja. Ni lazima mwanamke mwingine awe ameuvaa kwanza, amelia ndani yake, amebebea kuni kichwani, na kisha akubali kuachana nao. Shangazi alipokuja kunitazama alileta mbili ndani ya mkoba, akaziweka kitini bila kusema kitu. Jirani, mama mtu mzima asiyenizoea sana, alileta moja. Mama mkwe akaleta mbili na beseni. Zikawa kumi na nne.

Mwezi wa sita wa mimba nesi aliuliza maswali ambayo hayana duka. Utajifungulia wapi? Usiku uchungu ukikushika, nani ana usafiri? Nani atakusindikiza? Nani atakuchangia damu? Hilo la mwisho lilinifanya nimtazame. Akanieleza kwamba mwili wangu unaendelea kuongeza damu, hadi karibu nusu ya ile niliyokuwa nayo, akiba kwa ajili ya siku ile, lakini akiba yaweza kuisha. Akanitajia dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma kusikotulia, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, mtoto kuacha kucheza. Ukiona moja, usingoje asubuhi. Nilimtaja shemeji yangu. Jioni mume wangu alimpigia, nikasikia sauti yake kwenye simu, "Mwambie shemeji nimeshatoa mara mbili, mishipa yangu inajua njia." Nilicheka, kisha nikalia. Damu nayo ni kanga ya mtu mwingine.

Na kwenye orodha ya vitu vya kwenda navyo, pamoja na mpira wa kulalia, glavu, pamba na vibanio vya kitovu, nesi aliandika kwa mkono wake: kanga safi. Hakuandika mpya.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti nilizifua zote kumi na nne. Nilizianika juani kabisa, si kivulini, kwa sababu yupo nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Ndiyo maana bibi zetu walipiga pasi hadi kwenye pindo. Kamba ilijaa kutoka ukutani hadi kwenye mti wa mlimau, upepo wa kusi ukaziinua, na yeyote aliyepita njiani aliona kanga za watu zimeanikwa, basi. Hazikumwambia kitu.

Nilirudi chumbani, nikapanda kwenye kiti, nikashusha boksi la viatu. Nilidhani nitaikuta kofia kama nilivyoiacha, mpya na yenye kuuma. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye nyuzi. Njano ilikuwa imepoa. Hakuna kichwa kilichoivaa, lakini haikuwa mpya tena, maana miaka miwili nilikuwa nimeivaa mimi, mahali pasipoonekana. Niliishika nikakuta kwamba imelainika.

Yule wa kwanza hana nguo nyingine duniani. Sikutaka kumnyang'anya. Nilikaa kitandani nikamuuliza kwa moyo, na nilipohisi kwamba sijakatazwa, niliichukua nikaifua kwa maji yaliyobaki, taratibu, kwa vidole. Nikaianika katikati ya kanga mbili, ile ya bibi upande huu na ya jirani upande ule, mahali ambapo mpita njia hawezi kuiona. Kisha nikaenda kuwasha mkaa wa pasi.